Mtaro wa Tripu Moja

Ukimsalimia Mwalimu, jiandae.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Tisa mara saba?"

Hajali wewe ni nani. Nimemsikia akimuuliza padri mlangoni mwa kanisa. Nimemsikia akimuuliza mama mjamzito aliyekuwa anakimbizwa hospitali kwa bodaboda, na yule mama, kwa kuwa alifundishwa naye, akajibu huku amekunja uso kwa uchungu. Mimi hakunifundisha. Nilihamia Songea nikiwa mke wa mtu na mama wa mtoto, na jedwali la kuzidisha nililiacha Singida. Lakini nyumba yake iko juu ya yetu hapa Mshangano, na njia ya kutokea barabarani inapita mlangoni kwake. Kila asubuhi nikienda kufungua duka langu la sare za shule kule Msamala, lazima nijibu. Nikikosea ananirudisha. Mtu mzima, nimebeba mkoba na kitambaa cha sketi begani, nimechelewa, nasimamishwa njiani mpaka nipate.

"Sitini na ngapi?"

"Tatu, Mwalimu."

"Haya, nenda ukauze."

Nampenda mzee huyu. Nalisema mapema kwa sababu mengi yanayofuata ni malalamiko, na mtu akinisikia anaweza kudhani tuna kesi. Hatuna kesi. Ila sijawahi kukerwa na binadamu kama nilivyokerwa na Mwalimu, na hasira yenyewe haijaniisha hadi leo.

Ni mrefu, mwembamba, shati la mikono mirefu amefunga vifungo mpaka kooni, hata jua likiwa la kupasua. Mfukoni kalamu mbili, na sijawahi kumwona akiandika. Hesabu zake anafanya kichwani, amefumba macho, midomo inachezacheza. Mkononi ana rula ya ubaoni, ile ndefu ya mbao waliyokuwa wakichorea mistari darasani. Alistaafu nayo. Sasa ndiyo fimbo yake ya kutembelea, na akikasirika anaigonga chini mara mbili kama vile darasa limepiga kelele.

Katika kuhesabu vitu vilivyopo, mwaminifu kuliko mizani. Siku moja alirudi kutoka sokoni mjini, kwa miguu, jua la mchana, akafika kwake akakuta muuza mayai amemzidishia yai moja. Akageuka. Hakungoja kesho, hakumtuma mtu, hakupanda bodaboda. Alilibeba lile yai moja mkononi mpaka sokoni, akalirudisha, akarudi tena jioni amechoka hoi, na muuza mayai akabaki anamsimulia kila mteja. Mtu wa duka la jirani akikupimia sukari pungufu, Mwalimu anajua kwa kuushika tu mfuko. "Hii haijafika," anasema, anauweka mezani, na mwenye duka anaongeza bila kubisha.

Sasa mtu wa namna hiyo akikwambia kitu fulani kinatosha, si utaamini? Mimi niliamini. Kosa langu ndilo hilo tu, na wallahi hata sasa sioni kama lilikuwa kosa.

Maana Mwalimu ana kazi nyingine ambayo hakuna aliyempa: kukadiria. Unataka kujenga choo, unataka kufanya sherehe, unataka kuezeka banda la kuku, unamwita. Anakuja. Anaweka mikono nyuma, anatembea eneo lote kisigino kwa ncha ya kidole, kimyakimya, na wewe unamfuata kama unafuata daktari wodini. Akimaliza anafumba macho. Halafu anayafumbua, anatabasamu, anasema, "Ah! Mbona kidogo tu."

Na daima ni kidogo. Maulidi ya madrasa yetu, yeye ni Mkristo, anaimba besi kanisani, lakini kamati ilimwita akadirie mchele. Akakadiria. Wageni wa nusu ya kwanza walikula pilau wakashiba, nusu ya pili wakanawa mikono na kukaa wakiangaliana, mpaka wanawake wakakimbia kila mmoja nyumbani kwake kuleta alichonacho. Tukala pilau, halafu ugali, halafu ndizi, na watu wanasema hawajawahi kushiba vile. Kule Namtumbo shemeji yake alikuwa anajenga bani la kukaushia tumbaku. Mwalimu akamkadiria nyasi za kuezekea, zikafika katikati ya paa. Shemeji akaingia porini kwa hasira akakata nyingine, akamaliza, na hilo bani lipo mpaka leo linakausha tumbaku, nimeliona kwa macho yangu. Shemeji mwenyewe, kila msimu wa tumbaku ukifika, haongei naye.

Hata kwaya yao. Walimwomba akadirie vitambaa vya sare, wakaja dukani kwangu na hesabu yake. Hilo lilikuja baada ya yangu kunikuta, kwa hiyo nilishajanjaruka. Nilisema sawa, Mwalimu, nitashona kwa hesabu hiyohiyo. Kisha nikaagiza mara mbili. Kwaya ya kigango cha jirani haikujanjaruka, waliimba Jumapili nzima kwa magauni yasiyo na mikono, akina mama wa heshima zao wamejifunika khanga mabegani.

Nirudi kwa mama yangu, maana kisa chote ni chake.

Baba alipofariki nilimchukua mama kutoka Singida nikamleta hapa. Nikampa chumba cha nyuma, kwa sababu kuna utulivu na mlango wa uani uko karibu. Sikujua. Kiwanja chetu kiko kwenye mteremko, na fundi alipojenga alichimba kilima akaingiza nyumba, hivyo ukuta wa nyuma umezikwa na udongo mpaka karibu na kiuno. Kwetu Singida maji unayatafuta. Hapa yanakutafuta wewe, usiku na mchana, kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa nne. Mvua zikikolea, maji yanashuka chini ya ardhi, yanagota kwenye ukuta wa mama, yanaingia. Rangi ikavimba malengelenge. Ukungu ukapanda. Nguo zake zikaanza kunuka, na kifua kikaanza kumbana.

Mama si mtu wa kelele. Aliniita siku moja, akanigusisha ukuta.

"Mwanangu, mimi nimezaliwa pakavu. Hapa nalala na mtu aliyeloa. Mvua za mwaka huu zikinikuta hivi, nipandishe basi nirudi kwetu."

"Kwetu kuna nani sasa, mama?"

"Kuna ukuta mkavu."

Angerudi akaishi peke yake, na kile kifua. Nililia chooni ili asinione.

Mume wangu ananunua mahindi Namtumbo, anarudi Jumamosi jioni na kuondoka Jumatatu alfajiri. Alikuja akanionyesha kwenye simu mtaro wa kokoto. Unachimba mtaro nyuma ya nyumba, juu ya mteremko kabla maji hayajafika ukutani. Chini unatandika kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia udongo. Unalaza bomba lenye matundu, unalizungushia kokoto, unafunga kitambaa kama unavyofunga mkate wa kumimina kwenye karatasi, unafukia juu. Maji yanaingia kwenye kokoto, yanapata bomba, yanakwenda zake. Kwetu yangetokea pembeni, kwenye korongo lililo chini ya kiwanja, wala yasimdhuru mtu. Bomba la kawaida tungelitoboa wenyewe kwa msumari uliochomwa motoni. Kuchimba tungechimba wenyewe. Lililobaki ni kujua vitu kiasi gani.

"Tumwite Mwalimu," nikasema mimi. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Akaja na rula yake. Na niseme kweli, mambo mengi alituelekeza vizuri. Alisema tusichimbe tukiwa tumeugusa ukuta, tuache hatua nzima. Alisema kina kisipite msingi, nyumba isije ikakosa pa kukanyaga. Alisema bomba lazima liiname tangu mwanzo hadi mwisho, akatufundisha kupima mwinamo kwa mpira mwembamba uliojaa maji. Halafu akatembea, kisigino kwa kidole, nyuma ya nyumba yote na pale panapokunja kuelekea korongoni. Akafumba macho.

"Kokoto, tripu moja ya kirikuu. Mabomba mawili. Kitambaa kile kipande kidogo."

Mume wangu akaniangalia. "Moja tu, Mwalimu?"

"Moja. Anzeni. Mbona kidogo tu."

Tukaanza. Mume wangu akachimba Jumapili mbili mfululizo, mimi nikazoa udongo kwa toroli jioni nikitoka dukani. Udongo wa hapa ni mwekundu, mzito, ukiuchimba mkavu unajifanya mgumu, ukipata umande unaporomoka. Kingo zikamomonyoka. Mtaro uliokuwa upana wa chepe ukawa upana wa kitanda cha mtoto. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ikaja na kokoto, zile zinazogongwa kwa mkono na akina mama kule mlimani. Dereva akashuka, akachungulia mtaro, akachungulia mzigo wake, akacheka.

"Mama, hii ni ya kuonja?"

Tukamwaga. Zikatandaa chini kidogo, zikaisha kabla hata ya kufika dirishani kwa mama. Mabomba mawili yakaishia njiani. Kitambaa, hata usiseme.

Na hela ya kuongeza haikuwepo. Muuza sare anapata pesa Januari, shule zikifunguliwa. Desemba anakula madeni na matumaini. Ningejua kwamba mtaro unataka zaidi, ningesubiri nipate vyote, nichimbe kiangazi, nifukie siku ileile. Badala yake nilikuwa na shimo wazi nyuma ya chumba cha mama yangu, na mawingu juu.

Nikaenda kwa mama anayeuza gengeni pale kona kulalamika. Akashangaa.

"Kwani hukuzidisha?"

"Kuzidisha nini?"

"Hesabu ya Mwalimu huzidishwa, mama. Mara mbili kama ni chakula, mara tatu na zaidi kama ni ujenzi. Kila mtu anajua."

"Mimi nani aliniambia?"

"Tulidhani unajua," akasema, akaendelea kupanga nyanya.

Jamani! Mtaa mzima unajua, mtaa mzima unaniona nachimba, hakuna wa kunishtua. Mgeni hata akae miaka kumi bado mgeni.

Mvua ikanyesha Alhamisi mchana nikiwa dukani. Songea haina mvua ya kujaribu, ikija imekuja. Simu ikalia, mama.

"Njoo uone ziwa lako."

Nilipofika, mtaro umejaa pomoni. Ule mtaro tuliochimba ili maji yasifike ukutani ulikuwa umeyakusanya yote na kuyaegemeza hapohapo. Maji yalikuwa yanatoka chini ya ukuta ndani ya chumba, mekundu. Godoro limeloa. Mama amekaa kitandani amepandisha miguu, ameweka begi lake mapajani, na begi limefungwa zipu.

 Nilipanda kwa Mwalimu hivyohivyo, miguu imejaa tope, ushungi umeloa, hata shikamoo sikutoa. Yeye amekaa kibarazani kwake anasikiliza redio.

"Mwalimu, ulisema tripu moja!"

"Nilisema."

"Haijafika hata robo ya mtaro!"

"Ilikuwa robo kamili," akasema. "Inataka nne. Na jinsi kingo zilivyomomonyoka, nne na nusu."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Ulijua?"

"Mama Neema. Urefu mara upana mara kina. Mtoto wa darasa la sita anajua. Nisijue mimi?"

"Sasa kwa nini hukusema?"

Akazima redio. "Ningesema nne, mngeanza?"

"Ningeanza kiangazi, nikiwa nazo nne!"

"Kiangazi cha mwaka gani?" Akanyoosha rula kuelekea viwanja vya jirani. "Ule mchanga pale umeota majani. Mwenyewe alienda kwa fundi, akaambiwa ukweli wote siku moja, akarudi nyumbani akalala. Yale matofali, hivyohivyo. Watu wakijua jumla, wanakaa chini. Mimi nawapa ya kuwatoa kitandani. Shimo likishakuwa wazi lina aibu, Mama Neema, na aibu ndiyo inayomaliza ujenzi."

Yaani amekaa, anafundisha. Mimi nimeloa mpaka mifupani, mzee ananifundisha!

"Mwalimu, wali ukipungua watu wanaenda kula kwao. Nyasi zikipungua mtu anaingia porini. Ukuta ukianguka unamwangukia mama yangu. Aibu yako itamzuia huo ukuta?"

 Akashika kifungo cha kooni, akakigusagusa ingawa kilikuwa kimefungwa.  Niliondoka bila kuaga.

Kesho yake asubuhi, mvua imekata, nikasikia kitu kinagongwa uani. Mwalimu ameingia na toroli. Kwake kuna boma, kuta zilizosimama mpaka kwenye lenta bila paa, na mbele ya boma alikuwa na rundo la mawe aliyoyakusanya miaka na miaka ya kufungia jamvi la sakafu. Ameyabeba hayo. Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amefunga vifungo mpaka kooni, anagonga mawe kwa nyundo, anafanya kokoto. Hakusalimia, wala hakuuliza tisa mara ngapi.

Mimi nilipita nikaenda dukani. Sikumshukuru. Nilikuwa na haki ya kukasirika na sikuona sababu ya kuiachia mapema vile.

Niliporudi jioni nilimkuta mama naye amekaa, amepata nyundo ya mume wangu, anagonga. Wamepeana migongo. Mama alikuwa amekataa kuongea naye, lakini mawe alikuwa hajayakataa. Waligonga siku zote zile, mvua ikija wanahamia chini ya paa la bati, bado wamepeana migongo. Ila masikio hayana mgongo. Jioni moja nikamsikia Mwalimu akimweleza ile falsafa yake ya kuwatoa watu kitandani, na mama, bila kugeuka, akasema, "Wewe ungekuwa unauza mchele tungeshakufunga."

Mwalimu akacheka mpaka akakohoa.

Mawe ya jamvi lake yalitufikisha pazuri, tukaokoa ukuta kwa kutoboa njia ya muda mpaka korongoni. Januari watoto wakanunua sare, nikanunua kokoto zilizobaki, mume wangu akalaza bomba na kitambaa, tukafukia. Mvua kubwa ya kwanza iliyofuata nilisimama korongoni na mwavuli, nikayaona maji yanatoka kwenye bomba, maangavu kabisa, yanachekelea. Nilipiga vigelegele peke yangu. Mama akafungua zipu ya begi.

Watu wakaniambia, unaona? Umemaliza. Na mimi nasema, nilimaliza, ndiyo, lakini mama yangu alikohoa wiki nzima juu ya godoro bichi kwa sababu mtu mwenye akili zake aliona heri kunificha ukweli. Yote mawili ni kweli, na Mwalimu nimemwambia hivyo ana kwa ana.

Kuna jambo moja lakini lilinichukua muda mrefu kuliona, pengine kwa sababu nalipita kila siku. Mtaa huu umejaa nyumba, vyoo, mabanda na mitaro iliyoanzishwa na mdomo wa Mwalimu. Kwake mwenyewe hakuna kilichosonga. Anaishi vyumba viwili vya uani, na boma lile lilikuwa pale kabla sijaja, na halijaongezwa hata tofali. Miaka inapita. Madirisha ni matundu. Mvua inaingia ndani kwa nafasi yake, inajaa sebuleni, inatokea mlangoni, inakuja kwangu.

Maana ndiko yalikokuwa yanatoka maji. Mwanzoni nilifikiri ni ya kilima. Baada ya miaka michache ya kupumua nikaona mtaro wetu unaanza kulemewa. Maji ya boma yalikuwa yanashuka juu ya ardhi na tope lake, yanaziba kokoto zetu kwa juu. Msimu wa mwaka juzi ukuta wa mama ulianza tena kutoa jasho pembeni. Nilimwambia Mwalimu achimbe mtaro upande wake, juu ya mpaka, uyapeleke maji korongoni kabla hayajanifikia. Akasema ataona. Nikamwambia tena. Akasema akipata nafasi. Mtu wa kuhimiza wilaya nzima!

Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, mawingu yameanza kukaa upande wa Matogoro, mama akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba begi lake lilikuwa na zipu mbovu, nimtengenezee.  Nilifunga duka mapema nikapanda kwa Mwalimu.

Nilimkuta ndani ya boma. Amekonda sana, shati limemwia kubwa shingoni hata likiwa limefungwa. Alikuwa ameinama sebuleni, anatifua kwa jembe apande mahindi. Sebule yake imekuwa shamba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Maji yako yanamrudisha mama yangu Singida."

"Najua."

"Basi chimba! Hapa mpakani hakuna ukuta wa kuanguka, hata ukichimba ukaacha wazi maji yatapita tu. Nimesema mara ngapi?"

Akaegemea mpini. "Tripu tano," akasema. "Bomba sita, viungo vitano, kona moja. Hiyo mtaro. Boma ndiyo usiulize. Mbao, bati, misumari, gata, sakafu, vyote navijua. Nikilala navihesabu. Nikiamka nashika sururu, navikumbuka, naiweka chini."

"Si wewe unayesema mtu aanze?"

"Nawaambia nyinyi." Aligeuka akaangalia matundu ya madirisha, moja baada ya jingine. "Mama Neema, nyinyi nyote mna mtu wa kuwadanganya. Mimi nani atanidanganya?"

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu makali nimeyapanga njia nzima.  Nilitaka kumzaba kibao na nilitaka kumshika mkono, vyote kwa wakati mmoja, na machozi ya hasira yakanitoka, sijui hasira ya nani.

Nikatoka nje. Nikaweka mikono nyuma. Nikatembea mpakani, kisigino kwa kidole, tangu kona ya boma mpaka ukingo wa korongo, yeye ananitazama kutoka mlangoni pasipo na mlango. Nikapiga hesabu. Urefu mara upana mara kina. Alikuwa sahihi, tano, labda na ya ziada. Nikafikiria Januari yangu, sare zangu, na ni nani atakayekuja kujazia tripu zitakazopungua. Nikafumba macho, nikayafumbua.

"Tripu moja na nusu," nikasema.

"Moja na nusu?"

"Na mabomba mawili."

"Upana umechukua ngapi?"

"Mwalimu, anayekadiria ni mimi."

Midomo yake ikachezacheza. Niliona jibu sahihi limemfika kabisa kwenye ulimi, niliona anavyoteseka nalo, mzee aliyerudisha yai moja sokoni. Akalimeza.

"Basi ni kazi ndogo," akasema polepole.

"Ndogo sana, mzee wangu."

Asubuhi yake nilikuwa namkorogea mama uji chumbani kwake. Yeye amekaa kitandani, ameweka kiganja ukutani kusikia kama pameanza kuloa. Huko juu sururu ikaanza kugonga. Mama akageuza sikio.

"Nani anachimba?"

"Mwalimu."

"Kwake mwenyewe?"

"Kwake."

Akasikiliza kidogo, sururu ikagonga, ikapumzika, ikagonga tena.

"Maskini mzee wa watu," mama akasema. "Nani tena kamdanganya?"